Upepo wa Kusini: Historia Fupi ya Tairi Katika Njia ya Kilwa

Ndugu msomaji, ukiambiwa historia ya Kilwa unategemea kusikia habari za masultani, sarafu za shaba, msikiti mkuu wa Kisiwani na Ibn Battuta aliyefika hapo mwaka 1331. Hizo tumefundishwa shuleni na sina ugomvi nazo. Leo nataka kukueleza historia nyingine, ambayo haina magofu wala mlinzi wa kukata tiketi. Ni historia ya upepo ulio ndani ya tairi. Usicheke. Mimi ni mtoto wa njia hii ya kusini, na tangu nikiwa mdogo nimesikia madereva, mautingo na mafundi pancha wakibishana: tairi lijazwe kiasi gani? Ubishi wenyewe unaonekana wa kijiweni tu, lakini anayekosea jibu anaweza kuzika watu.

Neno lenyewe ni la kwetu. Kwa Kiswahili, kinachojaza tanga la jahazi na kinachojaza tairi ni kitu kimoja: upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Nahodha hakuuliza "upepo mzuri ni upi?" kisha akapewa jibu moja la maisha. Aliuliza anakwenda wapi, amebeba nini, na huu ni mwezi gani. Dereva naye ana maswali matatu ya namna hiyo: napita njia gani, nimebeba mzigo gani, na joto likoje. Hoja yangu ni hiyo tu. Majibu waliyotupa wazee wetu wa usukani yalikuwa sahihi kwa barabara yao. Barabara imebadilika, majibu yamebaki pale pale.

Mpira wa porini

Tuanze na mpira wenyewe, maana hapa ndipo wengi hawajui kwamba Kilwa na Lindi zimo ndani ya hadithi tangu mwanzo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Kilwa Kivinje, mji uliotajirika kwa biashara hiyo, ukalazimika kutafuta riziki nyingine. Mojawapo ilikuwa mpira wa porini. Katika misitu ya bara ya Kilwa na Lindi kulikuwa na mimea itambaayo juu ya miti, ukoo mmoja na mbungo huu tunaokunywa maji yake. Aina moja ilipewa jina la kitaalamu la Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Unguja. Mchumaji alikata gome, utomvu mweupe ukatoka na kuganda upesi, akauvuta kama uzi na kuuzungusha mpaka ukawa bonge. Mabonge yakabebwa vichwani hadi pwani, yakapakiwa majahazini kwenda Unguja, na kutoka huko yakaenda Ulaya na Marekani.

Wazungu waliutaka kwa nini? Charles Goodyear, Mmarekani, alikuwa amegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto haunati tena juani wala haukauki kwa baridi. Kuanzia hapo mpira ukatengeneza viatu, makoti ya mvua na mabomba. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, aliandikisha mwaka 1845 gurudumu lenye upepo ndani, lakini dunia haikuwa tayari, likasahauliwa. Halafu mwaka 1887 daktari wa mifugo wa mjini Belfast, John Boyd Dunlop, akafunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ili mtoto asitikiswe na mawe. Mwaka 1888 akaandikisha ugunduzi wake, na safari hii dunia ikadaka. Baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani, na kila baiskeli ilihitaji matairi mawili.

Ndugu zetu wa Kongo walilipa bei mbaya kuliko wote, chini ya Mfalme Leopold, ambaye mawakala wake waliwakata watu mikono kwa ajili ya mpira. Kwetu mambo hayakufika huko, ila mpira uliendelea kushuka pwani. Bonge la mpira halina jina. Likishafika kiwandani linachanganywa, la Liwale na la Kongo na la Brazili, na linatoka likiitwa kwa jina la mwenye kiwanda.

Hebu tazama mwaka 1895. Mwaka huo, kule Ufaransa, ndugu wawili wa Michelin waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi ajabu, lakini walithibitisha kwamba gari linaweza kukaa juu ya upepo. Mwaka huo huo, Kilwa Kivinje, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara wa misafara aliyekataa utawala wao. Mti alionyongewa watu waliuita Mwembe Kinyonga. Vitabu huweka habari hizi mbili mbali mbali. Mimi naziweka pamoja kwa sababu zilikuwa ncha mbili za njia moja: huku mpira ulitoka, kule uliviringishwa.

Biashara hiyo haikudumu. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu za mpira Brazili, na miche yake ikapelekwa Asia. Mashamba ya huko yalipoanza kutoa kwa wingi, bei ya dunia ikaanguka, na ilipofika 1913 mpira wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, wa porini na wa mashambani, haukuwa na soko la maana. Kusini tukabaki bila mpira. Barabara hatukuwa nayo tangu zamani.

Vita na magari yaliyozama

Kuna jambo moja la vita ya 1914 hadi 1918 ambalo kila nikilifikiri nashangaa. Manowari za Uingereza zilipofunga bahari, Wajerumani wa koloni hili walikosa vifaa. Wakachukua mpira wa mashamba ya hapa hapa, wakauchanganya na salfa, wakatengeneza matairi ya magari na baiskeli. Basi tairi la kutengenezwa kwetu lilizaliwa kwa dhiki, katikati ya vita visivyotuhusu.

Mwaka 1917 vita hivyo vilihamia bara ya Kilwa na Lindi: Narungombe mwezi Julai, Mahiwa mwezi Oktoba. Waingereza walileta magari, lakini mchanga na matope ya huku hayakujali nguvu ya injini. Magari yalipokwama, mzigo ukarudi palepale ulipokuwa wakati wa mabonge ya mpira, yaani kichwani mwa mtu. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Siku hizo matairi ya magari yalikuwa membamba, yanajazwa mpaka paundi 60 hivi kwa kila inchi ya mraba. Juu ya mchanga tairi la namna hiyo ni kisu. Ilipofika 1923 kampuni ya Firestone ya Marekani ikaleta matairi manene ya upepo mdogo, karibu paundi 30. Na katika jangwa la Misri na Libya, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, afisa wa Kiingereza Ralph Bagnold alivuka milima ya mchanga kwa magari ya kawaida ya Ford. Siri yake mojawapo ilikuwa kupunguza upepo. Vita vya Pili vilipokuja, ujuzi huo ukawa silaha ya kikosi chake cha jangwani.

Hesabu ya kiganja

Kwa nini kupunguza upepo kusaidie? Hapa naomba uvumilivu kidogo, ndugu msomaji, maana bila hesabu hii ubishi hauishi.

Tairi lenyewe halibebi gari. Kinachobeba ni upepo. Chukua gari la tani mbili lenye magurudumu manne: kila tairi lina kilo 500, kama paundi 1,100. Ukijaza paundi 30 kwa kila inchi ya mraba, gawanya 1,100 kwa 30, unapata kama inchi za mraba 37. Hicho ndicho kipande cha tairi kinachogusa ardhi, kikubwa kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Gari zima linasimama juu ya viganja vinne! Punguza mpaka paundi 15, kiganja kinakuwa mara mbili, inchi 73 hivi. Uzito ule ule umeenea mahali papana zaidi, mchanga haukatiki, gari linapita juu. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu na mpira wenyewe una ugumu wake, lakini njia inaonyesha.

Ila hakuna cha bure. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja kunaleta joto. Mchangani unakwenda polepole, joto halifiki mbali. Ukikimbia nalo, ubavu unaungua kwa ndani, nyuzi zinaachana, na siku moja linapasuka. Na tairi lililozidi upepo nalo lina taabu zake: linalika katikati, linarukaruka kwenye mashimo, linashika breki vibaya kwa sababu kiganja kimekuwa kidogo.

Skuli mbili

Baada ya vita Waingereza walituletea mradi wa karanga, mwaka 1947. Nachingwea ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka Lindi, bandari ikaanzishwa Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Kwa hiyo kusini tulipata reli na tukanyang'anywa. Tukabaki na barabara: mchanga, tope la bonde la Rufiji, na kivuko cha Ndundu. Masika yakikolea, njia ilifungwa kwa majuma na hata miezi, mwenye safari akasubiri meli.

Katika barabara hiyo zilizaliwa skuli mbili za upepo, na nimezisikia zote mbili vijiweni.

Skuli ya kwanza ni ya mchanga. Mzee mmoja fundi pancha wa Nangurukuru, aliyeanza kazi kama utingo wa lori, alinieleza hivi: "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunatoa upepo kwa sikio. Unabonyeza nozeli kwa kijiti, unasikiliza inavyolia, unatazama tairi linavyolala. Likilala kama ng'ombe aliyeshiba, twende." Nikamwuliza, shikamoo babu, na mkishatoka mchangani? Akacheka. "Tunajaza kwa pampu ya mguu. Tairi moja, jasho ndoo moja. Ndiyo maana wengine hawakujaza."

Skuli ya pili ni ya mzigo. Hawa ni madereva wa korosho, ufuta, mbao, mkaa na samaki wa Somanga. Lori limejaa mpaka chesisi inalia, na juu ya mzigo wamekaa watu. Fundisho lao ni fupi: jaza mpaka liwe jiwe. Ukipiga teke na mguu ukaumia, upepo umetosha. Walikuwa na sababu. Mzigo mkubwa unahitaji upepo mwingi, hilo ni kweli kabisa, na matairi ya zamani yenye tyubu na nyuzi zilizopishana yalikuwa magumu ubavuni kiasi kwamba teke liliweza kukupa habari.

Sasa angalia. Skuli hizi hazipingani kama zinavyodhani. Mmoja anajibu swali la njia, mwingine anajibu swali la mzigo. Swali la tatu, la joto, halikuwasumbua sana, kwa sababu katika barabara ile nani alikimbia? Mtu aliyetoka Dar alfajiri na kulala njiani hana haja ya kuogopa joto la mwendo.

Lami ilipofika

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, na kivuko kikabaki hadithi. Lami ikaja vipande vipande. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilikuwa cha mwisho na kiliwatesa watu hata baada ya mwaka 2010. Kilipokwisha, kutoka Dar hadi Lindi, karibu kilomita 450, ikawa safari ya kutwa moja na jioni unakula kwenu. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini lami ilileta swali la tatu. Mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, jua la saa saba, tairi halipati nafasi ya kupoa. Na matairi yenyewe yamebadilika. Mengi ya siku hizi ni ya mtindo ulioletwa na Michelin baada ya Vita vya Pili, ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ubavu wake ni laini. Hata likiwa na upepo kamili linaonekana limelala kidogo. Ukilitazama kwa jicho la skuli ya mchanga unasema limepungua, unalizidishia. Na ukilipiga teke kwa mguu wa skuli ya mzigo, linaweza kukudanganya kuwa limejaa kumbe limepungua robo nzima.

Nilishawahi kuwa ndani ya basi moja, jina nalihifadhi, lililopasuka tairi la nyuma mbele ya Kiranjeranje. Mlio kama bunduki. Basi liliyumba, wanawake wakasoma dua, dereva akalishika mpaka likasimama kandoni. Hakufa mtu. Kondakta akatangaza mara moja: "Upepo ulizidi, jua kali!" Abiria tukakubali, maana ndivyo tunavyoamini wote. Tairi lilipofunguliwa, abiria mmoja aliyekuwa fundi akaingiza mkono ndani, akatoa unga mweusi wa mpira umejaa kiganjani. "Hili halikuzidi," akasema. "Hili lilipungua siku nyingi, likajisaga lenyewe kwa ndani." Unga ule ndio ushahidi. Tairi lililozidi upepo halijisagi hivyo.

Kwa hiyo ufanyeje? Nimeuliza mafundi na nimesoma, na jibu la leo ni hili. Kipimo cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi ya mitumba kutoka Japani yameandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na paundi 32 hivi. Gari dogo la kawaida huwa kati ya paundi 28 na 35. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wake. Usiichukue kuwa ndiyo kipimo chako. Ukipakia watu na mizigo kamili, fuata namba ya mzigo iliyoko kwenye kibandiko, ambayo mara nyingi huongeza matairi ya nyuma. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea. Joto likipanda nyuzi sita hivi, upepo unapanda kama paundi moja, na baada ya mwendo mrefu kuongezeka paundi nne au tano ni kawaida. Usitoe upepo tairi likiwa na moto, maana likipoa litakuwa limepungua, na hapo ndipo unga ule mweusi unapoanza. Ukiingia mchanga mzito, punguza, nenda polepole, na ukitoka, jaza kabla hujakanyaga mafuta. Mwenye mzigo uliozidi ukomo wa tairi, huyo hakuna upepo wa kumwokoa. Apunguze mzigo.

Na geji, jamani! Geji ya mkononi si kitu cha bei ya kutisha. Dereva aliyebeba roho hamsini na kutegemea teke, sijui tumwiteje.

Yaliyobaki

Usidhani skuli ya mchanga imekufa. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo ya lami, Somanga na kwingineko, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam kama enzi za kivuko. Magari yakapanga foleni, barabara za pembeni zikawa tope. Siku hizo mzee wa Nangurukuru alikuwa na ujuzi kuliko kompyuta yoyote. Ndiyo maana sisemi tuyatupe majibu ya zamani. Nasema tuyajue umri wake, na tujue yalikuwa yakijibu swali gani.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, tumezoea kwamba historia ya kwetu ipo Kisiwani, chini ya mawe ya matumbawe. Ipo, lakini ipo pia kwenye katambuga za mchunga mbuzi, zilizokatwa kutoka tairi la lori, na kwenye kipande cha tyubu kinachofunga mzigo juu ya baiskeli. Mpira ulitoka misitu ya bara ya Kilwa ukiwa bonge la kichwani, ukazunguka dunia, ukarudi ukiwa tairi la mtumba. Wanaojua sehemu hii ya mwisho ya safari yake ni mafundi na madereva, na wengi wao ni wazee sasa. Hawaandiki.

Basi ukipita Nangurukuru alfajiri, kabla injini haijawaka, mwulize dereva upepo amepima lini na kwa kitu gani. Kwanza ni kwa usalama wako. Pili, akianza kukueleza, toa daftari.